Usahihi na Usalama: Istilahi za Kutathmini Programu za Ndege

Abiria ashukaye katika kiwanja cha ndege cha Ukunda, Diani, huenda asijue kwamba usalama wake angani ulitegemea pia maandishi asiyoyaona, yaani programu za kompyuta. Makala haya yanadai kuwa kusema programu hizo "zinaaminika" hakutoshi, kwani neno hilo hufumbata dhana mbili: usahihi na usalama.

Kiwango cha DO-178C, kilichotolewa mwaka 2011 na asasi ya RTCA ya Marekani pamoja na EUROCAE ya Ulaya, huzipanga programu katika daraja tano, A hadi E, kwa kuzingatia madhara ya hitilafu. Daraja A ni ya hitilafu ziletazo maafa, na majaribio yake ndiyo makali zaidi. Kila sharti lililoandikwa huthibitishwa kuwa limetekelezwa. Huo ndio usahihi. Hata hivyo, uzito wa hitilafu hukadiriwa kwingine, katika tathmini ya usalama wa ndege nzima.

Chukua mfano wa fundi wa Msambweni aliyeagizwa dau la kuvulia ndani ya mwamba. Akiliunda barabara, kazi yake ni sahihi; lakini atakayelivusha nje ya mwamba wakati wa kusi asimlaumu fundi.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuruka. Watu 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya. Programu ya MCAS ilipokea kipimo cha uongo kutoka kwa kihisio kimoja, ikaisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Ilitenda ilivyoagizwa. Katika tathmini ya awali, hitilafu yake katika safari ya kawaida ilikuwa imeainishwa kuwa "kubwa", si ya "maafa", kwa kudhani kwamba marubani wangeidhibiti upesi. (Mwanasemantiki na atafakari umbali uliopo baina ya vivumishi hivyo viwili.)

Ndege hizo ziliporuhusiwa kuruka tena Marekani, Novemba 2020, MCAS ilikuwa ikilinganisha vihisio viwili, na haikuweza tena kumshinda nguvu rubani. Kilichobadilishwa hapo kwanza ni sharti lenyewe; programu ilifuata.