Samaki Katika Tangi la Kioo

Mtu wa Kitengela atakaye kufuga samaki nyumbani mara nyingi huanza kwa kosa lile lile. Hununua tangi asubuhi, hulijaza maji, na jioni hutia samaki. Siku chache zikipita, samaki huonekana juu ya maji wakihema, kisha hufa. Hapo hulaumiwa maji ya kisima, au muuza samaki. Lakini kilichowaua, mara nyingi, ni uchafu wao wenyewe.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, nayo ni sumu. Mtoni huchukuliwa na maji mengi. Tangini haina pa kwenda. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika changarawe, huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, isiyodhuru sana. Vijidudu hivyo huhitaji majuma 4 hata 6 ili kuongezeka. Kwa hiyo yafaa kuanza na samaki wawili tu, wadogo, na kuwapa chakula kidogo, tena kubadilisha robo ya maji kila juma. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika chombo kipana.

Tena, maji yakiwa na asili ya magadi, amonia huwa kali zaidi. Perege wa Mto Athi, aitwaye na wataalamu Oreochromis spilurus, huvumilia maji ya chumvichumvi. Lakini hukua upesi, na mwenye tangi dogo atamhitajia bwawa.

Katika Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado yupo samaki aliyeishinda shida hii kwa namna ya ajabu. Huyo ni samaki mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami. Huishi pembeni mwa ziwa, penye chemchemi za moto, katika maji makali ya magadi yenye joto lifikalo digrii 40 na zaidi. Katika maji ya namna hiyo amonia haiwezi kutoka mwilini kwa urahisi. Mwaka 1989 wataalamu walieleza kwamba samaki huyu huigeuza kuwa yurea, kitu kile kile kilichomo katika mkojo wa binadamu. Jike hulea mayai yake kinywani.

Asidhani mfugaji kwamba samaki hodari hivi atastawi katika ndoo ya maji matamu. Mwili wake umezoea magadi, tena yumo katika hesabu ya samaki walio hatarini, wala haifai kumvua bila ruhusa ya serikali.

Wala samaki wa tangi asitupwe mtoni akichosha. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 samaki wa Magadi walipelekwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Walizaana sana, na mwari wakaja kwa maelfu kuwala, ziwa ambalo kwanza halikuwa na samaki.