Ni taarifa, si kibali

SWALI: Wakili, sisi wakulima wa majani chai hapa Mogogosiek tunataka kuandamana kwa amani kuhusu bonasi. Tumeambiwa tungoje kibali cha polisi. Ni kweli?

JIBU: Hakuna cha kibali, ndugu yangu. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria inadai taarifa tu: mwandikieni mkuu wa kituo cha polisi (OCS) siku 3 hadi 14 kabla, mkitaja mwandalizi, tarehe, saa na njia. Anaweza kukataa iwapo wengine wamewatangulia kwa siku, saa na mahali pale pale, tena kwa maandishi. “Sijapenda” si sababu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Barua zina tabia ya kupotea mezani.