Umeme wa Ubongo na Upungufu wa Utambuzi katika Skizofrenia

Mgonjwa wa skizofrenia akikawia kujibu swali, wengi hudhani ni mvivu au hataki kusikiliza. Ugonjwa huu wa akili hujulikana zaidi kwa dalili zake za wazi, kama kusikia sauti zisizokuwapo. Lakini hudhoofisha pia umakini, kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Dawa nyingi hutuliza sauti hizo, ila upungufu wa utambuzi huuondoa kidogo tu. Na mara nyingi upungufu huo ndio umzuiao mgonjwa kurudi shuleni au kazini. Je, wawezaje kupimwa?

Mwaka 1924 daktari Hans Berger, wa mji wa Jena nchini Ujerumani, alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu. Siku hizi elektrodi ndogo hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Mtu husikilizishwa mlio mmoja unaorudiwarudiwa, na mara chache mlio tofauti huingizwa, naye hutakiwa kuihesabu milio hiyo ya nadra. Yapata milisekunde 300 baada ya kila mlio wa nadra huzuka wimbi chanya liitwalo P300, ambalo Samuel Sutton na wenzake walilieleza huko Marekani mwaka 1965.

Wimbi hili hufunikwa na umeme mwingine wa ubongo, usiofungamana na mlio. Hivyo mlio hurudiwa na wastani hutafutwa. Umeme huo mwingine hupungua kwa kugawanywa na kipeuo cha pili cha idadi ya marudio: ukiwa mikrovolti 20, baada ya marudio 100 hubaki mikrovolti 2, na wimbi la P300 huonekana.

Tangu mwaka 1972 imeripotiwa kwamba, kwa wastani, P300 ya wagonjwa wa skizofrenia ni ndogo kuliko ya watu wazima wa afya. Yaweza kudaiwa kwamba hawakujitahidi kuhesabu. Lakini mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake walieleza wimbi jingine, lizukalo hata mtu akisoma kitabu bila kuijali milio. Hilo nalo hupungua kwa wagonjwa wengi. Hapo uvivu hauwezi kuwa sababu.

Hata hivyo, P300 hupungua pia katika maradhi mengine, na vipimo vya wagonjwa na vya wasio wagonjwa huingiliana. Kwa hiyo kipimo hiki hakitoshi kumtambulisha mgonjwa mmoja mmoja. Kazi yake ni kuonyesha ni hatua ipi ya utambuzi iliyodhoofika, ili tiba mpya zipimwe kwa hiyo.