Keki ya Uzi: Somo la Kroshia kwa Wakazi wa Boito

Mvua ya alasiri ikianza kunyesha Boito, kazi ya shambani husimama. Majani yaliyochumwa asubuhi yameshapimwa na kubebwa kuelekea kiwandani, na mikono iliyokuwa ikikimbia juu ya michai hubaki bila shughuli hadi wakati wa kuandaa chajio. Saa hizo mbili tatu zinatosha kufuma kitu. Katika nyumba nyingi za wadi hii sindano ya kroshia tayari ipo, imelala kabatini pamoja na kitambaa cha kochi ambacho hakijakamilika tangu mwaka juzi.

Somo hili linahusu kitu kidogo kuliko kitambaa cha kochi: keki ya uzi, mfano wa zile keki ndogo za kikombe ambazo wengi huziita kwini keki. Hailiwi. Hukaa juu ya meza au rafu kama pambo, huwekwa kwenye kapu la zawadi za harusi, na fundi wa cherehani huweza kuitumia kuchomekea pini na sindano zake. Humalizika kwa jioni moja au mbili, hutumia mabaki ya uzi, na ndani yake mna karibu kila mbinu ambayo anayejifunza kroshia anahitaji kuijua.

Sababu nyingine ni ya mfukoni. Mkulima mdogo wa chai hupata malipo ya mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha husubiri bonasi mara moja kwa mwaka. Katikati ya hapo kuna karo, dawa na unga. Katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, mashine za kuchuma chai zimepunguza nafasi za vibarua, na waliozipoteza wengi ni watu waliotegemea mikono yao. Asitokee mtu akaahidi kwamba keki za uzi zitalipa karo ya shule ya upili. Lakini kroshia ina jambo moja la ajabu: ingawa sweta hufumwa kwa mashine viwandani, kroshia halisi bado hutoka mkononi. Kila kipande kinachouzwa dukani kilishikwa na mtu.

Ufundi huu si mgeni hapa. Neno kroshia limetokana na Kifaransa, likiwa na maana ya kulabu ndogo. Ireland ilipokumbwa na njaa kuu miaka ya 1840, baada ya viazi kuoza shambani, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi za kroshia, na lesi hizo ziliuzwa na kuleta chakula katika nyumba nyingi. Nchini Kenya, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanza mwaka wa 1952, vilifundisha ushonaji na ufumaji pamoja na upishi na usafi wa nyumba. Kabla ya hayo yote, mama wa Kikipsigis aliyepamba sotet ya mursik kwa shanga alikuwa tayari anahesabu safu na kupanga rangi. Kuhesabu ndiyo roho ya kroshia. Mengine yote ni mazoea ya vidole.

Vifaa

Uzi unaofaa ni uzi wa sweta wa akriliki, unene wa kati. Hauchuji rangi upesi na hupatikana madukani kwa rangi nyingi. Zinahitajika rangi tatu: kahawia au maziwa kwa kikombe, waridi au nyeupe kwa krimu ya juu, na kijani kibichi kwa pambo. Sindano ya kroshia iwe ya milimita 3 au 3.5, hata kama karatasi iliyozungushiwa uzi inapendekeza 4 au 5. Sindano kubwa huacha matundu, na pamba huchungulia nje.

Zaidi ya hapo: sindano kubwa ya kushonea yenye tundu pana, makasi, pini moja ya usalama, na kitu cha kujazia. Nyuzinyuzi za ndani ya mto wa zamani, zikifuliwa na kuanikwa zikakauka kabisa, zinatosha. Katika baridi ya Boito neno "kabisa" lina uzito wake. Kijazio chenye unyevu hunuka kabla keki haijapata mnunuzi.

Vishono vyenyewe

Kishono kifupi ndicho kinachobeba kazi yote. Sindano huingizwa katika kishono cha chini, uzi huvutwa hadi vitanzi viwe viwili kwenye sindano, kisha uzi hukamatwa tena na kupitishwa katika vyote viwili kwa pamoja. Kishono kirefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza, hivyo vitanzi huwa vitatu. Uzi hupitishwa katika viwili, halafu katika viwili vilivyobaki. Kishono cha kuteleza ni kuvuta uzi moja kwa moja, katika kishono cha chini na katika kitanzi kilicho kwenye sindano. Kuongeza maana yake ni kufuma vishono vifupi viwili katika nafasi moja.

Kikombe huanza kwa mnyororo wa vishono viwili. Vishono vifupi 6 hufumwa vyote katika kile cha kwanza kabisa, na duara dogo hujitokeza. Kuanzia hapo mfumaji huzunguka bila kufunga mzunguko, kama konokono, na pini ya usalama huchomekwa kwenye kishono cha kwanza cha kila mzunguko ili asipotee. Mzunguko wa pili huongezwa kila mahali, vikawa 12. Wa tatu ni kishono kimoja kisha ongezo, vikawa 18. Wa nne ni viwili kisha ongezo, vikawa 24.

Hapa asimame aangalie. Duara likilala mezani kama chapati, hesabu ni sawa. Likijikunja kama bakuli, kuna ongezo lililorukwa. Likiwa na mawimbi kama jani la sukuma wiki, yameongezwa mengi mno. Dawa ni kufumua hadi pale kosa lilipo, na si kuendelea kwa matumaini kwamba litajificha. Halijifichi.

Juu ya kila kishono kuna nyuzi mbili zinazofanana na herufi V: moja upande wa mfumaji, nyingine upande wa mbali. Mzunguko wa tano hufumwa katika uzi wa mbali peke yake, vishono 24 bila kuongeza. Jambo hilo dogo ndilo linalofanya ukuta wa kikombe usimame wima, na kitako kubaki bapa. Wa sita ni 24 vilevile, kwa nyuzi zote mbili. Wa saba ni vishono vitatu kisha ongezo, vikawa 30, na mdomo wa kikombe hupanuka. Mizunguko ya nane, tisa na kumi hubaki 30. Uzi hukatwa na kufungwa. Mistari ya karatasi ya keki hushonwa baadaye kwa uzi wa rangi nyingine, kutoka juu kwenda chini, kwa nafasi zinazolingana.

Krimu hufumwa hivyo hivyo mwanzoni: 6, 12, 18, 24, kisha mzunguko wa tano wa vishono vitatu na ongezo, 30. Wa sita na wa saba ni 30 bila kuongeza. Mzunguko wa nane ndio wenye urembo, na hufumwa katika uzi wa karibu na mfumaji peke yake: kuruka vishono viwili, kufuma vishono virefu vitano katika cha tatu, kuruka viwili tena, kisha kishono cha kuteleza katika cha sita. Mpangilio huo hurudiwa mara tano na kumaliza vishono vyote 30, na krimu hupata kingo tano za mviringo zinazoning'inia juu ya kikombe. Uzi wa kukata uachwe mrefu, kama urefu wa mkono, kwa kushonea.

Zile nyuzi 30 za upande wa mbali zilizobaki chini ya urembo ndizo zinazoshonwa kwenye vishono 30 vya mdomo wa kikombe, moja kwa moja, hakuna kinachozidi wala kupungua. Zikibaki nafasi chache, kijazio hushindiliwa ndani, kikombe kwanza na kichwa baadaye, kisha panafungwa. Pambo la meza likihitaji kusimama imara, kipande cha mviringo kutoka kwenye kifuniko cha plastiki hutangulizwa chini kabla ya kujaza. Fundi anayetaka ya kuchomekea pini aijaze hadi iwe ngumu.

Vielelezo vingi huweka tunda jekundu la cheri juu. Boito kuna kitu bora zaidi cha kuweka: majani mawili na chipukizi, kipimo kilekile ambacho kila mchuma chai anakijua. Jani moja ni mnyororo wa vishono 6. Kuanzia cha pili kutoka kwenye sindano hufumwa cha kuteleza, kifupi, kirefu, kifupi, cha kuteleza. Majani hufumwa mawili. Chipukizi ni mnyororo wa 5, ukirudiwa kwa vishono vinne vya kuteleza. Vitatu hivyo hushonwa pamoja kileleni, na mgeni akiiona keki hiyo mahali popote hatauliza imetoka wapi.

Bei, mahali ambapo wengi huumia

Mkulima wa chai hakubali kuondoka kwenye kituo bila kuona mizani. Lakini mtu huyohuyo hufuma kwa saa nyingi na kuuza kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi wa kwanza. Mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kujifunzia tu: tuseme donge la uzi la gramu 100 lilinunuliwa kwa Sh250, na keki moja hula gramu 20. Uzi ni Sh50. Kijazio na rangi za pambo, Sh20. Vifaa ni Sh70. Mfumaji ametumia saa mbili, na anaona saa yake haipaswi kwenda chini ya Sh60. Hiyo ni Sh120. Keki imemgharimu Sh190 kabla haijatoka nyumbani.

Akiuza kwa Sh150 atahisi amepata faida, kwa kuwa pesa taslimu zimezidi uzi. Kwa kweli amebaki na Sh80 kwa saa mbili, yaani Sh40 kwa saa. Akibeba keki kumi sokoni kwa nauli na ushuru wa Sh300, kila keki imebeba Sh30 zaidi, na saa yake imeshuka hadi Sh25. Anayefuma kila mwezi kwa hesabu hiyo anafadhili mapambo ya nyumba za watu wengine.

Kuna njia mbili za kuitengeneza hesabu hiyo bila kupandisha bei peke yake. Ya kwanza ni mwendo: anayefuma vikombe sita mfululizo, halafu krimu sita, humaliza haraka kuliko anayefuma keki nzima moja moja. Ya pili ni kuuza kwa seti, sita ndani ya katoni kama zilizotoka kwenye duka la mikate, kwa sababu anayenunua zawadi hutafuta kitu kilichokamilika. Mabaki ya uzi nayo hupunguza gharama, ila yahesabiwe pia. Yalinunuliwa siku moja.

Usawa wa kazi ndio humrudisha mnunuzi. Njoro, Kaunti ya Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kimekuwa kikifuma wanasesere wa wanyama tangu 1998 na kuwauza hadi ng'ambo, na lebo hubeba jina la aliyefuma. Keki sita zenye ukubwa tofauti ni za kuuzia jirani. Zikilingana, duka la zawadi mjini Kericho au Bomet linaweza kuagiza nyingine.

Onyo moja kabla ya kuuza: keki yenye shanga, kitufe au kipande cha plastiki ndani isipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kilicholegea huishia mdomoni. Ya mtoto ifumwe kwa uzi mtupu, majani yashonwe mara mbili, na mnunuzi aambiwe wazi. Ya kuchomekea pini isifanane kwa rangi na ile ya kuchezea ndani ya nyumba moja.

Kufuma kwa pamoja

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hivyo kuuliza mafunzo ya aina hii katika ofisi ya wadi si kuomba hisani. Wanaotaka kufuma kama kikundi wanahitaji kuwa watu wasiopungua 10 ili wasajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Hubeba katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliokubali kukiunda, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho. Kikundi kilichosajiliwa huweza kufungua akaunti ya benki na kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo au wa Hazina ya Biashara za Wanawake.

Mkopo usiombwe mapema. Donge tatu za uzi na jioni nne za mvua zinatosha kufuma keki sita za kwanza, na sita hizo ndizo zitakazoonyesha kama kuna mtu Koiwa au Mogogosiek atakayetoa pesa kwa ajili yake. Ya kwanza huwa imepinda upande. Ikae nyumbani, juu ya rafu.