Seva Ikizidiwa, Ikatae Mapema

Siku NECTA wanapotangaza matokeo ya kidato cha nne, Msasani nzima iko kwenye simu. Shangazi yuko Bonde la Mpunga, mtahiniwa yuko mkoani, na wote wanafungua tovuti ileile dakika ileile. Siku kama hiyo tovuti yoyote ikigoma, utasikia "seva ni ndogo". Inawezekana, ila tatizo kubwa zaidi huwa ni namna inavyopokea watu.

Tupige hesabu. Seva ina nafasi 50 za kazi na kila ombi linachukua nusu sekunde, kwa hiyo inamaliza maombi 100 kwa sekunde. Yakiingia 300, kila sekunde 200 yanabaki kwenye foleni. Baada ya nusu dakika foleni ina maombi 6,000, na anayeingia sasa atasubiri dakika nzima. Nani atasubiri? Anabonyeza tena. Ombi lake la kwanza bado limo, la pili limeongezeka. Hapo seva inachemka ikihudumia watu walioshaondoka.

Dawa ni foleni fupi. Ruhusu 200 tu wasubiri, basi hakuna atakayekaa zaidi ya sekunde 2 kabla ya kuhudumiwa. Waliobaki wajibiwe papo hapo kwa namba 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na muda wa kurudi. (Konda wa daladala hawezi kulielewa somo hili, kwake gari halijai.) Muda huo usiwe mmoja kwa wote, maana ukiwaambia wote sekunde 30, watarudi pamoja. Huyu mpe 20, yule 75.

Matokeo yana nafuu: kwa miaka mingi NECTA wameyaweka kama kurasa za kawaida, ukurasa mmoja kwa kila shule. Ukurasa wa hivyo hausumbui hifadhidata, na nakala zake unaweza kuziweka kwenye seva hata kumi. Usajili wa kozi au maombi ya mkopo siyo hivyo. Kila mtu anaingia kwa jina lake, taarifa zake zinaandikwa, na dirisha lina siku ya kufungwa. Huko ni lazima kuchagua nani aingie kwanza. Anayebonyeza "wasilisha" saa sita kasoro dakika kumi usiku wa siku ya mwisho apite kabla ya anayefungua ukurasa wa mbele kusoma tangazo. Na akikataliwa, muda aliojaribu urekodiwe, ili kesho asiambiwe alichelewa.