Mgeni wa Mashindano Jijini Kampala: Pa Kutembelea na Namna ya Kurudi Salama

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Mazoezi tuliyapata mwezi Agosti 2025, nchi hizo tatu zilipoandaa mashindano ya CHAN, na Uwanja wa Mandela ulioko Namboole ukapokea mashabiki wa mataifa mengi. Tukajionea jambo moja. Mechi ni ya dakika 90, lakini mgeni hukaa siku nne, tano, pengine wiki nzima. Saa zilizobaki anazitumia wapi, na ni nani anayemwongoza? Mgeni asiyeonyeshwa mahali pema hufuata mkono wa kwanza unaomvuta.

Kwa sababu hiyo, somo la toleo hili lina malengo mawili. Kwanza, mkazi wa Kampala aweze kumwelekeza mgeni mahali pa kufaa. Pili, mgeni mwenyewe aweze kutembea, kushangilia na kurejea kwao akiwa mzima.

1. Hatua za kwanza

Raia wa Kenya na wa Rwanda huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Wageni wengine wabebe hati ya kusafiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahaulike. Anayelala kwa ndugu au rafiki apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, ajulikane. Kufanya hivyo si kumshuku mgeni. Akiugua au akipotea, watakaomtafuta watakuwa na pa kuanzia.

Hatari ya kwanza jijini si mwizi, bali ni barabara. Katika Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita upande wa kushoto; katika Rwanda, Burundi na Kongo hupita upande wa kulia. Mtu aliyekulia Kigali, Bujumbura au Goma amezoea kutazama kushoto kwanza anapovuka. Akifanya hivyo Kampala, gari la kwanza litamjia kutoka upande asioutazama. Mwenyeji amkumbushe mgeni wake tangu siku ya kwanza: tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Bodaboda ni chombo cha haraka, nasi hatumkatazi mtu kuipanda. Ila bei ipatanwe kabla ya safari, abiria awe mmoja, na helmeti ivaliwe na wote wawili. Ndani ya teksi iliyokwama kwenye foleni, hasa jioni, simu isishikwe karibu na dirisha lililo wazi.

2. Pa kutembelea

Husemwa kwamba Kampala ilijengwa juu ya vilima saba, na kila kilima kina habari yake.

Kilimani Kasubi yapo makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Mahali hapo paliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2010 nyumba kuu ya nyasi iliteketea kwa moto. Mafundi wa jadi waliijenga upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mgeni avae kwa heshima, wanawake wajifunge kitambaa kirefu, na viatu vivuliwe mlangoni.

Kilimani Kampala ya Kale pana Msikiti wa Taifa, uliojengwa kwa msaada wa Libya. Wageni wa dini zote hukaribishwa, na wanaoweza kupanda ngazi za mnara huliona jiji lote kwa zamu ya macho: Namirembe na Rubaga pamoja na makanisa yake makuu, Mengo na kasri ya Kabaka, na chini yake vituo vya teksi vilivyojaa. Kwa mtu mgeni, hapo ndipo pazuri pa kuanzia, maana huliona jiji kabla ya kuingia vichochoroni mwake.

Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo ya kale kuliko yote Afrika Mashariki. Ngoma, zeze na marimba zilizohifadhiwa humo zitamfurahisha hata mtoto aliyechoshwa na safari.

Si mbali na Namboole pana Namugongo, ambapo tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakristo, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Asiye na mechi asubuhi anaweza kupazuru kisha akafika uwanjani mapema.

Kuhusu chakula, rolekisi ya chapati na mayai hupatikana karibu kila pembe. Katika soko la Owino fedha zigawanywe mifukoni, na begi livaliwe mbele.

3. Siku ya mechi

Hapa tunaomba usikivu. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika sehemu mbili za Kampala, na watu zaidi ya 70 wakafa. Hawakuwa uwanjani. Walikuwa wameketi wakitazama mpira kwenye skrini, kama maelfu watakavyoketi mwaka 2027. Upekuzi wa langoni, ambao wengi huuona ni usumbufu, una kumbukumbu hiyo nyuma yake. Ukumbi usiopekua wageni wake siku ya mechi kubwa usiingiwe. Mfuko usio na mwenyewe usiguswe. Watu wasogee mbali, na askari aitwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, kando ya barabara ya Entebbe, umati uliotoka kutazama fataki ulibanana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua tisa walipoteza maisha, watoto wakiwamo. Hawakuuawa na adui. Waliuawa na haraka. Tuketipo uwanjani, kwanza tutafute mlango wa pili. Filimbi ya mwisho ikilia, tusikimbilie langoni. Kungoja robo saa hakumpunguzii mtu ushindi. Kila mtoto aandikwe namba ya simu ya mzazi mkononi.

Penye shida, piga 999 au 112.

4. Neno kuhusu lugha

Wapo wakazi wa Kampala ambao Kiswahili walikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitamkwa kwa ukali. Jambo hilo tunalijua, na kulificha hakutatusaidia. Mashindano haya yatawaleta watu wa Mombasa, Tanga na Bukavu wanaoitumia lugha hiyo kusalimiana, kununua matunda na kutaniana. Askari atakayemjibu mgeni kwa upole, na muuzaji atakayemwitikia, watakuwa wameirudishia lugha sura yake. Mgeni naye ajifunze kusema "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Maneno mawili hayo hufungua milango mingi.

Maswali ya kujadili kijijini

1. Katika mtaa wetu, ni nani atakayemwongoza mgeni aliyepotea usiku?
2. Ukumbi wetu wa kutazamia mpira una milango mingapi, na yote hufunguka?
3. Mgeni akitapeliwa na mwenzetu, je, tutamficha mwenzetu au tutasimama na mgeni?

Swali la tatu ndilo gumu. Tunaomba lijibiwe sasa, kabla wageni hawajafika, maana mgeni akisharudi kwao atawasimulia jirani zake jinsi tulivyomtendea.