Nani Anakula Mtaji Wako? Somo la Daftari la Nyumbani, Wiki kwa Wiki

Leo tuache kidogo mambo ya wateja na bei, tuingie ndani. Maana biashara nyingi ndogo hazifii sokoni, zinafia jikoni.

Naanza na kisa changu mwenyewe, na sijivunii.

Nina genge la mboga na matunda Mbagala. Kuna mwaka, mwisho wa mwezi wa 5, nilihesabu mzigo pamoja na hela ya mkononi nikapata 450,000. Wiki 5 baadaye nimefika soko la Temeke Stereo alfajiri, nataka kuchukua mzigo kama siku zote, hela haifiki. Nikarudi, nikahesabu upya kila kitu: 315,000. Yaani 135,000 haipo. Na genge lilikuwa linauza vizuri tu, wateja wapo. Sasa nani anachukua?

Nikamshika binti aliyekuwa ananisaidia kuuza. Sikumuona akiiba, ila nilijiambia ni nani mwingine anayegusa kikopo cha hela? Nilimwambia maneno mazito mbele ya majirani, akaondoka analia.

Wiki iliyofuata nilikaa mwenyewe gengeni. Kikopo nakigusa mimi peke yangu. Nikaamua pia kuandika kila shilingi inayotoka, nimuone huyo mwizi vizuri. Jumapili usiku nikajumlisha. Mwizi alikuwa mimi.

Somo la leo ni hilo daftari. Fuata hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: ANDIKA WIKI MOJA BILA KUBADILISHA CHOCHOTE

Chukua daftari la kawaida, la shule linatosha. Usianze kubana matumizi wiki hii. Kula kama unavyokula, toa kama unavyotoa, ila andika. Ukianza kubana siku ya kwanza unajidanganya, utapata picha ya mtu mwingine, siyo ya kwako.

Mambo manne watu wengi wanakosea hapa:

Moja, andika hapo hapo. Ukisema utaandika usiku, mia tano tano zote zitakuwa zimesahaulika, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Mbili, bidhaa unayotoa dukani au gengeni kwako ni hela. Nyanya tatu, kitunguu, kipande cha sabuni, soda ya mtoto. Andika kwa bei uliyonunulia. Mimi nilikuwa nasema "mboga kwetu ni bure, si tunalo genge". Si bure, ule ni mzigo uliouliwa kabla haujauzwa.

Tatu, hela ya simu. Fungua ujumbe wa miamala, angalia ulichotuma, ulichotoa na makato yake. Ukitoa kidogo kidogo mara 6 kwa wiki, unakatwa mara 6.

Nne, uliza na wenzako nyumbani. Lakini uliza kwa upole, usigeuke polisi. Mwambie mwenzio: "Nataka tujue hela yetu inaenda wapi, nisaidie kukumbuka." Ukianza kwa kumkagua mtu atakuficha, na daftari litakuwa la uongo.

HATUA YA 2: PANGA KWA MAFUNGU, JUMLISHA

Mwisho wa wiki usiache orodha ndefu. Igawe mafungu kama unavyopanga nyanya mezani. Hii ndiyo wiki yangu ya kwanza, sisi ni baba, mama na watoto watatu:

- Unga, mchele, maharage: 28,000
- Mboga, dagaa, mafuta, viungo: 31,500
- Mkaa: 10,000
- Maji: 3,500
- LUKU: 5,000
- Nauli na hela ya kula ya watoto shuleni: 14,000
- Vocha na bando: 6,000
- Vitafunwa vya chai: 10,500
- Michango ya misiba na harusi: 10,000
- Vidogo vidogo (juisi, karanga, bodaboda, "nipe nikupe kesho"): 12,500

JUMLA: 131,000

Kabla ya daftari ungeniuliza tunatumia shilingi ngapi kwa wiki, ningekujibu 80,000 kwa kujiamini kabisa.

Sasa weka pembeni yake faida. Nasema faida, siyo mauzo. Chukua mauzo, toa bei uliyonunulia mzigo, toa nauli ya mzigo, toa ushuru na hela ya meza. Wiki ile, kwa kufunga genge kila nikienda sokoni, nilibakiwa na 105,000.

Matumizi 131,000. Faida 105,000. Pengo 26,000, na ile hela ilitoka kwenye mtaji. Zidisha 26,000 mara wiki 5 unapata 130,000. Karibu sawa na ile niliyomtuhumu mtoto wa watu.

Hakuna siku niliyochukua 26,000 kwa mkupuo. Ningechukua hivyo ningeshtuka. Nilichukua mia tano, elfu moja, elfu mbili. Mtaji haung'atwi, unatafunwa.

HATUA YA 3: JILIPE POSHO, KISHA FUNGA KIKOPO

Ukishajua pengo, usikimbilie mkopo. Wakati huo kuna mtu alishaniambia, "Kuna jamaa wanatoa laki mbili leo leo, kitambulisho tu." Hawa ndio tunaowaita kausha damu. Kama mtaji unavuja, mkopo ni maji unayoongeza kwenye ndoo iliyotoboka, halafu maji yenyewe unayalipia riba. Na kumbuka anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Muulize kwanza.

Mimi nilifanya hivi. Nilimuonesha baba watoto daftari. Sikumlaumu, nilimpa asome. Yeye ni fundi, hela yake haina siku maalumu, alikuwa anajua analipa kodi ya nyumba na mengine "mama anajua". Alikaa kimya, kisha akasema LUKU, maji na nauli za watoto nibebe mimi. Hiyo ni 22,500 kwa wiki imetoka mabegani kwangu. Ikabaki 108,500.

Kisha nikapunguza yanayopunguzika. Chakula sikukigusa, watoto hawafungi ili genge likue. Maandazi nikaanza kupika mwenyewe usiku: 10,500 ikawa 6,000. Bando la siku nikaacha, nanunua la wiki: 6,000 ikawa 3,500. Michango nikajiwekea kikomo cha 5,000, ukipita nasema "nitakuja kwa mikono yangu", naenda kuosha vyombo msibani. Vidogo vidogo vikashuka hadi 5,000. Jumla nimeokoa 19,500.

Nyumba yangu sasa inakula 89,000. Nikajipangia posho ya 90,000 kwa wiki. Nachukua Jumatatu, naiweka nyumbani. Baada ya hapo kikopo cha genge siyo changu, ni cha genge. Nikitaka nyanya za kupika, nazilipia kama mteja. Watoto walicheka sana wiki ya kwanza kuniona najilipa mwenyewe!

HATUA YA 4: LENGO LIWE NA JINA, KIASI NA TAREHE

105,000 kutoa 90,000 inabaki 15,000. Hela isiyo na jina hupata jina lingine njiani. Ukisema "naweka akiba" bila kusema ya nini, akija shemeji na shida unampa.

Nikaigawa: 5,000 inarudi kwenye mtaji, 10,000 inaenda kwenye lengo. Lengo langu lilikuwa Januari. Ada imefutwa kwenye shule za serikali, lakini sare, viatu, begi na madaftari hayajafutwa. Kila Januari nilikuwa nalipia vitu hivyo kwa kuuza mzigo wa genge kwa bei ya hasara. Nikapiga hesabu ya watoto watatu: 240,000. Kwa 10,000 kila wiki ni wiki 24. Ilikuwa katikati ya Julai, kwa hiyo nafika mwisho wa Desemba. Lengo likawa na jina (Januari ya watoto), kiasi (240,000) na tarehe.

Na wewe piga hivyo hivyo: KIASI gawanya kwa WIKI ZILIZOBAKI. Jibu likiwa kubwa kuliko uwezo wako, usidanganye daftari. Punguza lengo au sogeza tarehe.

HATUA YA 5: WEKA MAHALI AMBAPO MKONO HAUFIKI HARAKA

Kibubu ni kizuri kwa kuanzia, hasa kile kisichofunguka bila kuvunjwa. Ubaya wake kinaweza kuibwa, kinaweza kuungua, na siku ya shida unakifahamu kilipo.

Kikoba kinakusaidia kwa sababu watu wanakusubiri, unaona aibu kwenda mikono mitupu. Ila hakikisha kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo, na kwa vikundi vya mtaani usajili unapitia halmashauri. Omba uone cheti na daftari la hesabu. Kijumbe akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Njia ya tatu ni laini ya simu ya pembeni, au akaunti ya akiba isiyo na kadi. Ukichagua simu, laini ya akiba isikae kwenye simu unayotembea nayo.

HATUA YA 6: KIKAO CHA JUMAPILI

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wiki ya kwanza una moto, ya tatu umechoka, ya tano daftari linafungiwa vitumbua. Usitegemee moto. Tegemea ratiba.

Kila Jumapili usiku baada ya kula, dakika 20, maswali matatu tu:
1. Wiki hii tumetumia ngapi, na posho ilikuwa ngapi?
2. Ni fungu gani limevimba, na kwa nini?
3. Wiki ijayo kuna nini kinakuja (msiba, mgonjwa, mtihani wa mtoto)?

Kisha weka alama inayoonekana. Mimi nilichora visanduku 24 kwenye karatasi, nikabandika ubavuni mwa kabati. Kila 10,000 ikiingia, mtoto mmoja anapaka rangi kisanduku, kwa zamu. Amini nakwambia, hakuna anayekukumbusha akiba kama mtoto anayesubiri zamu yake ya kupaka rangi. Mwanangu wa kati aliacha mwenyewe kuniomba hela ya barafu wiki ya zamu yake.

Ukikosa wiki, USILIPE DENI. Usiseme "wiki ijayo nitaweka 20,000". Ukishindwa tena utadaiwa 30,000, na hapo unaacha kabisa. Kisanduku kiache cheupe, andika sababu, endelea na 10,000 ya kawaida.

Na ukifika nusu ya safari, jipongeze kwa kitu kidogo kilichopangwa. Sisi visanduku 12 vilipopita tulikula kuku. Kuku yule aliandikwa kwenye daftari kama wengine.

NILIFIKA WAPI?

Sikufika 240,000. Katika wiki 24, wiki 19 niliweka yote, wiki 2 niliweka nusu, wiki 3 sikuweka kitu kwa sababu mtoto aliugua na mvua iliozesha mzigo. Jumla 200,000. Sare zote na viatu vyote nilinunua, mabegi mawili ya zamani nikayafua na kushona zipu. Mtaji, uliokuwa umeshuka hadi 289,000 baada ya ile wiki ya daftari, nilikuwa nimeurudishia 105,000 ukafika 394,000. Na Januari ile sikuuza hata fungu moja kwa hasara.

Lakini kuna deni moja daftari halikulipa. Nilimfuata yule binti, nilimkuta anasaidia kwa mama ntilie mmoja. Nilimuonesha kurasa zenyewe, nikamuomba radhi, na safari hii nikasema kwa sauti mbele za watu kama nilivyomtukana mbele za watu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe dada, ila kazi sirudi." Ana haki.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwenzangu, kabla hujamshuku msaidizi, mume, mke, au kusema "nimerogwa, hela haikai", andika wiki moja.

KAZI YA WIKI HII: Leo usiku andika makadirio yako, unadhani nyumba inatumia shilingi ngapi kwa wiki. Kunja karatasi, iweke. Kesho Jumatatu anza daftari. Jumapili ijayo jumlisha, kisha ufungue ile karatasi.

Tukutane Jumapili. Mungu azibariki kazi za mikono yetu.